Mtoto wa sikoseli anakojoa kitandani: umwamshe, umvalishe daipa, ununue alamu ama utafute dawa?

Kama umefungua hii juu ya hicho kichwa cha habari, basi najua asubuhi yako venye inakaa. Godoro limeegemezwa ukutani nje, shuka ziko kwa kamba kabla hata jua halijatoka vizuri, na mtoto wa miaka 8 amesimama nyuma ya mlango hataki kutoka juu watoto wa ploti wataona. Mimi ni baba, ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, na kijana wetu ana sikoseli. Watu huwa wanatuambia njia nne: mwamshe usiku, mvalishe daipa ama utandike makintoshi, ile ya mpira isiyopitisha maji, nunua ile alamu ya kukojoa, ama mtafutie dawa. Tatu tumezipitia kwa nyumba yetu, ya nne tumeiongea na daktari wa kliniki mara mbili mpaka nikaielewa. Nimeziweka hapa zote kwa mizani moja ndio uangalie yako inalalia wapi.

Kwanza, kwa nini anakojoa

Hii uielewe kabla ya kuchagua, juu ukikosea hapa unaweza kumuumiza mtoto kabisa. Figo ya mtu asiye na sikoseli usiku inakaza mkojo, inarudisha maji mwilini, ndio maana unalala mpaka asubuhi na ukiamka mkojo ni wa njano. Hiyo kazi ya kukaza inafanyika sehemu ya ndani kabisa ya figo, na huko ndani oksijeni ni kidogo na chumvi ni nyingi, yaani ni mahali penye seli za damu za mtoto wa sikoseli zinajikunja haraka sana. Zinajikunja, zinaziba mishipa midogo, na pole pole figo inapoteza ile nguvu, na hii inaanza mapema, mtoto akiwa bado mdogo. So mkojo wake ni mwingi na ni mweupe kama maji, mchana na usiku, angalia tu ndoo asubuhi utajionea. Halafu juu ya hiyo sisi wazazi siku nzima ni kunywa maji, kunywa maji, na lazima anywe, juu mwili ukikauka seli zinajikunja zaidi na kraisis inaingia, yale maumivu makali ya sikoseli. Maji yanaingia mengi, figo haiyarudishi, kibofu kimejaa saa sita usiku, na mtoto amelala fofofo.

So si uvivu, si kiburi, na si ati alicheza na moto jioni, ile hadithi sisi wote tuliambiwa tukiwa wadogo. Mtoto wa sikoseli anakojoa kitandani zaidi ya watoto wengine na anakawia kuacha, wengine mpaka wanabalehe, na kuna wachache wanaingia utu uzima nayo. Chini ya miaka 5 usijisumbue, hata watoto wasio na sikoseli wanakojoa. Na tafadhali lile neno kikojozi litoke kwa nyumba, hata kwa utani, hata kwa ndugu zake.

Kabla hujatumia shilingi yoyote, peleka mkojo upimwe. Huku kwetu watoto wa sikoseli ni wengi na kliniki zao ziko, hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, wale wazee bado wanaiita Russia, na hata hospitali kubwa za kaunti kama Kakamega, so ukienda siku ya kliniki sema hii kitu kwa mdomo wako, usingoje uulizwe. Wataangalia kama kuna maambukizi ya mkojo, kama kuna sukari, kama kuna protini inayopita, hiyo ya protini ndio inaonyesha figo inaanza kuumia. Waambie pia kama anakoroma usiku ama anakaa kama pumzi inakatika, juu tonsili kubwa zinaharibu usingizi na mtoto wa kukoroma anakojoa zaidi. Na choo ngumu, watu hawajui, lakini choo ikijaa tumboni inafinya kibofu. Kijana wetu alikuwa anaenda choo kubwa mara mbili kwa wiki na sisi hatukuwa tunajua, tulikuwa tunahesabu shuka tu.

Mizani yenyewe

Kila njia niliiuliza maswali matano, na ya kwanza ndio nzito kuliko zingine zote.

Je, inamnyima maji? Hapa nitasema ukweli wetu. Jirani mmoja, mtu mzuri tu, alituambia tumkatie maji kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi, hata uji asipewe. Ilikuwa ni Januari, ile jua ya Kisumu unaijua. Usiku wa kwanza alilala akiwa mkavu, wa pili pia, tukafurahi, mamake hata akaimba akitandika kitanda. Siku ya nne miguu ikaanza kuuma, usiku akalia mpaka sauti ikaisha, tukalala hospitali siku tatu na maji inaingia kwa mshipa. Sisemi ni hiyo peke yake ilileta kraisis, inaweza kuwa na sababu zingine, lakini daktari alipouliza anakunywa nini jioni nikashindwa kumwangalia usoni. So njia yoyote yenye inaanza na kumkatia maji, mimi naiangalia mara mbili.

La pili ni baridi. Mtoto akikojoa saa nane na akae kwa hiyo maji mpaka saa kumi na mbili, mwili unapoa, na baridi ni mlango mwingine wa kraisis. Kisumu tunajidanganya ati hakuna baridi, lakini ile ya alfajiri iko, na kama uko Kakamega wakati wa mvua ama Nakuru mwezi wa saba sina haja ya kukuambia. La tatu ni usingizi, wake na wako. La nne ni mfuko, na hapa weka pamoja sabuni, maji ya kununua kwa mtungi na masaa ya kufua. La tano ni heshima ya mtoto, atajionaje, na nani atajua.

Kumwamsha usiku

Hii ndio kila mtu anaanza nayo na enyewe ni sawa kuanza nayo. Haimnyimi maji hata kidogo, anakunywa kama kawaida. Haigharimu kitu, alamu ya simu inatosha, na nguo ya kufua inapungua kabisa zile usiku umelenga saa vizuri.

Shida ni hiyo saa. Mtoto mwingine ukimwamsha mara moja saa tano usiku unapoenda kulala imeisha. Wa sikoseli mkojo ni mwingi, so saa tano peke yake haitoshi, sisi ilibidi saa tano na tena saa tisa, na mwezi wa kwanza mimi ndio nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakata kitambaa kwa duka nikiwa na usingizi, nikakata suruali ya mteja fupi, ikabidi nilipe. Sasa tunagawana, mamake saa tano, mimi saa tisa, na Jumamosi tunamwachia makintoshi tulale.

Mwamshe awe macho kweli. Kumbeba kama gunia akikojoa huku amelala kunakuokolea shuka lakini yeye hajifunzi kitu, kwake ni kama amekojoa tu kitandani pahali pengine. Mwite jina, ajibu, akae, asimame mwenyewe, aende mwenyewe. Hata hivyo usitegemee ati kumwamsha kutamfundisha kuacha, inapunguza usiku wa kulowa, ukiwacha inaweza kurudi.

Halafu aende wapi? Kama choo iko nje, mwisho wa ploti, gizani, hakuna mtoto ataenda na wewe pia hutaki aende kwa umande. Nunua ndoo ya kifuniko ama poti kubwa, weka karibu na kitanda, na tochi ndogo ile ya kubonyeza. Ya mwisho ni neti. Akitoka na kurudi neti inabaki wazi, na huku karibu na ziwa malaria haichezi, na wengi wanachanganya hapa, mwenye amebeba nusu, yaani amerithi kwa mzazi mmoja tu, ndio ana kinga kidogo ya malaria, yule mwenye ugonjwa wenyewe malaria inammaliza damu haraka kuliko wengine. So kila ukimwamsha, neti irudishwe chini ya godoro pande zote.

Kwa baridi njia hii iko vizuri, kwa heshima pia, hakuna mtu wa nje atajua. Kwa usingizi ndio inaumiza. Inafaa nyumba yenye watu wazima wawili wa kupokezana, ama mtoto mwenye anakojoa saa ile ile kila usiku. Kama wewe ni mama peke yako na unaamka saa kumi kwenda kuchukua samaki Dunga, usijiue na hii.

Daipa na makintoshi

Watu wanaziona kama kushindwa. Mimi sioni hivyo. Hizi haziponyi kitu, zinanunua usingizi na zinaweka mtoto mkavu mpaka mwili ukomae, na kwa ugonjwa wenye hasira yake inaamka na uchovu na baridi, usingizi ni dawa.

Kwa maji, hakuna ubishi, anakunywa mpaka atosheke. Kwa usingizi, mnalala wote. Daipa nzuri pia inamkinga na baridi, lakini ile ndogo ya mtoto mdogo haitamtosha mtoto wa miaka 8 mwenye mkojo mwingi hivyo, itajaa saa saba na imwage, na sasa una daipa nzito na shuka imelowa pia. Inabidi zile kubwa zaidi, na hapo mfuko unalia, moja kwa usiku ni 30 kwa mwezi, na ukinunua moja moja kwa kiosk unalipa zaidi kuliko pakiti. Pia lazima atolewe asubuhi mapema, aoshwe, apakwe mafuta, la sivyo ngozi inachubuka.

Kwa heshima inategemea mtoto. Wetu akiwa na miaka 6 hakujali, akiwa na 8 akakataa, akasema baba mimi si mtoto. Sikumlazimisha.

Makintoshi ndio ilitufaa, na hapa ndio kazi yangu so nivumilie nieleze. Ile nailoni ya kawaida ya kufunika godoro inapiga kelele mtoto akigeuka, na kwa joto letu inamtoa jasho mgongo mzima, hiyo jasho ni maji yake inapotea. Tafuta makintoshi yenyewe, ile ya mpira yenye kitambaa upande mmoja, inauzwa kwa mita, wanayo watu wa vitanda vya kujifungulia na vifaa vya hospitali na hata hapa Kibuye ukizunguka. Nilikata ya upana wa kitanda na nikaacha masikio marefu kila upande ya kuingiza chini ya godoro ndio isikunjike. Juu yake shuka ya pamba ya mtumba, ile nzito imezeeka, inanyonya kuliko mpya. Halafu, hapa ndio maana nakuandikia, usitandike moja. Tandika makintoshi, shuka, makintoshi ya pili, shuka ya pili. Akikojoa saa nane unavua tabaka ya juu yote kwa mkono mmoja, unatupa kwa beseni, na chini kuna kitanda kikavu kinangoja. Dakika mbili, taa hata huwashi. Kabla ya hiyo tulikuwa tunageuza godoro gizani, tunagombana, mtoto amesimama analia na kaptura imelowa.

Na weka thamosi ya maji ya moto karibu na kitanda kila usiku, na taulo. Unachanganya na ya baridi kwa beseni yawe vuguvugu, unampangusa, unamvalisha kavu, anarudi. Kamwe usimuoshe na maji baridi ya mtungi saa nane usiku, hata kama umekasirika, na hapo hasa kama umekasirika.

Inafaa karibu kila mtu kama msingi, na inafaa zaidi mzazi wa peke yake, mtoto ametoka hospitali juzi, ama wakati wa mitihani.

Alamu ya kukojoa

Hii ni kidude kidogo, kina kihisio kinachobanwa kwa chupi na kengele inakaa begani, tone la kwanza likigusa inalia ama inatetemeka. Mtoto anaamka, anashika mkojo, anamalizia kwa ndoo. Baada ya wiki nyingi ubongo unaanza kusikia kibofu kabla ya kengele. Kwa watoto kwa jumla, ni kati ya njia zenye matokeo yake yanadumu hata ukiwacha, na hiyo ni sifa yenye kumwamsha na daipa hazina.

Lakini kwa mtoto wetu lazima uelewe ushindi unakaa aje. Alamu haiwezi kufanya figo ikaze mkojo. Kibofu kitajaa tu. Kile anajifunza ni kuamka, so usingoje usiku ati analala mpaka asubuhi bila kutoka, ushindi ni yeye kuamka mwenyewe akaenda kwa ndoo akarudi. Watu wengine wanawacha mapema juu walikuwa wanangoja kitu kingine.

Kwa maji iko sawa, haitaki apunguze, kwa kweli kibofu kikijaa ndio mazoezi yanapatikana. Kwa baridi, analowa kidogo tu, lakini bado inabidi abadilishwe. Kwa usingizi hapa ndio vita. Wiki za kwanza kengele inaamsha nyumba nzima isipokuwa yeye, wewe ndio unatoka mbio kumwamsha, na sisi tunalala chumba kimoja na dadake mdogo, alikuwa analia kila kengele. Jipe miezi miwili au mitatu. Wakishauri huwa wanasema angalia wiki ya 4 kama kuna dalili yoyote, doa limekuwa dogo, anaamka haraka, amelala mkavu hata siku moja, ukiona kitu endelea mpaka afikishe siku 14 mfululizo bila kulowa, usipoona kitu pumzika, rudi baada ya miezi kadhaa.

Kwa mfuko, mwanzo ni ghali na kwa maduka ya kawaida hapa mjini hutaipata kirahisi, sisi tuliagiza Nairobi ikaja na basi. Lakini ni mara moja, unabadilisha betri tu, na mwingine anaweza kurithi ukibadilisha kihisio. Kwa heshima, mtoto mwenye ametaka mwenyewe anaivaa kama saa ya mkononi, anajivunia. Mwenye amelazimishwa anaichomoa usiku na kuificha chini ya mto.

Wetu tulienda nayo wiki 9, tukapata mabadiliko, kutoka usiku saba kwa wiki mpaka tatu, halafu kraisis ikaingia tukawacha. Wakati wa maumivu usiguse mambo ya alamu kabisa, mtoto alale.

Inafaa mtoto wa miaka 7 kwenda juu, mwenye amesema mwenyewe amechoka na hii kitu, mwenye hajalazwa miezi ya karibuni, na nyumba yenye uvumilivu. Haifai nyumba ya chumba kimoja na mtoto mchanga.

Dawa

Dawa yenye utasikia sana inaitwa desmopressin. Inaiga homoni ya mwili yenye inaambia figo zirudishe maji usiku. Kwa mtoto mwenye figo ni nzima, ikimfaa inafanya haraka. Sasa rudi kwa ile sababu ya juu kabisa. Ya mtoto wetu si ati homoni haipo, mara nyingi figo yenyewe ndio imeumia haisikii amri. So kuna watoto wa sikoseli imewasaidia, na kuna wengine wamemeza na hakuna kitu.

Na maji? Hapa ndio inaanguka kwa mizani yangu. Ukimeza hiyo dawa unatakiwa usinywe maji mengi kuanzia lisaa limoja kabla mpaka masaa 8 baadaye, juu figo imefungwa, na ukiongeza maji juu yake chumvi ya damu inashuka, mtoto anaumwa kichwa, anatapika, anaweza hata kupata degedege. Mtoto wa sikoseli anaambiwa anywe, dawa inasema asinywe, unaona hiyo kona. Usiku akipata homa, ama akiharisha, ama akihitaji kunywa sana, dawa inaachwa usiku huo. Kwa hivyo hii haianzishwi na duka la dawa wala na mtu wa mtaa mwenye mtoto wake ilimsaidia, inaanzishwa na daktari mwenye anajua sikoseli, baada ya kupima mkojo na figo, na mara nyingi kwa siku chache zenye sababu.

Kwa usingizi na baridi, ikifanya kazi, ni nzuri kuliko zote. Kwa heshima pia, tembe moja hakuna mtu anajua. Kwa mfuko ni mzigo wa kila mwezi, na ukiacha kukojoa kunaweza kurudi.

Kuna nyingine ya zamani, imipramine, bado wengine wanaandikiwa. Hiyo ikizidi kipimo inashika moyo, na mtoto mdogo akiipata kwa meza akadhani ni peremende ni hatari ya kifo. Kama umeandikiwa, ifungie kabisa, na uliza kama kuna njia nyingine. Daktari wetu alisema kwa mtoto wetu dawa hazihitajiki sahii, na tukakubaliana. Usisimamishe zile zake za kawaida ati ndizo zinaleta mkojo, folic acid ya damu, Paludrine ya kukinga malaria, hydroxyurea ya kupunguza kraisis kama yuko nayo, hizo zinaendelea.

Inafaa kijana mkubwa mwenye njia zingine zimeshindwa na daktari wake amekubali kumfuata karibu. Haifai mtoto mwenye analazwa mara kwa mara wala nyumba yenye hakuna mtu wa kusimamia kinywaji cha jioni.

Hata uchague gani

Maji yake yasogezwe, yasipunguzwe. Chupa aende nayo shule, amalize mbili kabla ya saa kumi jioni, jioni anywe akiwa na kiu, na usiku akiomba maji apewe. Kitu cha kuondoa jioni ni chai ya majani na soda, zile zinasukuma mkojo na hazimsaidii. Akojoe kabla ya kulala, mswaki, halafu akojoe tena. Mchana asishikilie, na kama mwalimu anakataza watoto kutoka darasani nenda umwone na barua ya kliniki.

Kwa wazazi wa wavulana, kuna kitu hatuongei. Wakati mwingine ukimwamsha usiku unakuta uume umesimama na unamuuma. Hiyo ni sikoseli pia, damu imekwama, na kibofu kikijaa inachochea. Akojoe, anywe maji, aoge maji ya vuguvugu, apewe dawa yake ya maumivu, na ikipita masaa mawili bado iko hivyo ni hospitali, usiku huo huo, msiione haya. Mwambie mtoto mapema ndio asifiche.

Sasa wewe uko wapi

Kama ana miaka 4 ama 5, makintoshi mbili na thamosi, basi, mengine yangoje.

Kama alikuwa analala mkavu kwa miezi sita ama zaidi na ameanza tena ghafla, usichague chochote hapa, nenda apimwe kwanza. Hivyo hivyo akikojoa damu, akiwa na kiu isiyoisha na anakonda, mkojo ukimchoma, ama mguu mmoja umekuwa dhaifu. Na homa ya 38 kwenda juu kwa mtoto wa sikoseli ni hospitali saa hiyo, hata kama ulikuja kusoma mambo ya shuka.

Kama wewe ni mzazi mmoja na kazi ni ya alfajiri, msingi wako ni makintoshi, umwamshe mara moja tu unapoenda kulala, na daipa usiku ule mwili wako umekataa. Kama mko wawili na anakojoa saa inayojulikana, mwamsheni kwa zamu. Kama ana miaka 7 kwenda juu na ni yeye anakuuliza baba nitaacha lini, huyo yuko tayari kwa alamu, lakini chagueni likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, si katikati ya muhula.

Kama anaenda kwa nyanyake siku mbili, mwambie nyanya ukweli kabla, kwa heshima, na ubebe makintoshi yako. Nyanya akisema achapwe, usigombane naye mbele ya mtoto. Mimi nilimpeleka mama mkwe kliniki pamoja na sisi, akasikia kwa sista mwenyewe kwamba ni figo, na tangu siku hiyo yeye ndio anajaza thamosi.

Kama ni shule ya bweni, hapo nakuomba ungoje kama unaweza kungoja. Najua mtoto wa jamaa yangu mwenye alibebeshwa godoro kichwani mbele ya wenzake. Kama lazima aende, barua ya kliniki iandikwe na matroni aitie sahihi mbele yako: kitanda cha chini karibu na mlango, ruhusa ya kutoka usiku na tochi, maji ya kunywa wakati wowote, maji ya moto ya kuoga, shuka tatu za akiba kwa sanduku, na mtu mmoja, jina lake liandikwe, mwenye anaamshwa mtoto akihitaji. Matroni akikataa kutia sahihi, rudi na sanduku nyumbani.